Kilimo cha Kisasa Kianzie Chunguni

Msafiri atokaye Mbeya kwenda Kyela, afikapo Tukuyu, huona neema pande zote za barabara: migomba, chai, mahindi, viazi na miparachichi. Lakini neema ya shambani si lazima ifike katika mwili wa mtoto. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano walikuwa wamedumaa. Iringa, mkoa unaosifika kwa mahindi, ulifikia asilimia 57. Rungwe haina budi kujifunza kwa jirani yake.

Wazee wa Kinyakyusa walijenga afya kwa ndizi, maharage, mboga na maziwa ya mgando. Leo ng'ombe wa kisasa hutoa maziwa mengi kuliko wa asili, lakini maziwa hayo huondoka alfajiri kwenda sokoni, na mtoto wa mfugaji akabaki na chai ya rangi. Parachichi husafirishwa ng'ambo. Fedha ipatikanayo hununua unga wa sembe, ambao mashine imeuondolea kiini na pumba, pamoja na sehemu kubwa ya vitamini na madini.

Mbegu bora, mbolea na mitambo si adui. Bila hivyo ardhi ya Rungwe isingetosheleza watu wake. Kosa ni kupima maendeleo ya kilimo kwa tani na shilingi peke yake. Ni kosa pia kunyunyizia nyanya dawa leo na kuzivuna kesho, kabla siku zilizoandikwa kwenye chupa hazijatimia. Mkulima wa namna hiyo humwuzia mwenzake sumu.

Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya, na mwaka 1975 ile ya Chakula ni Uhai, ziliwakusanya wananchi kuzunguka redio. Wakasikiliza, wakajadili, wakatenda. Moyo huo unahitajika tena. Bwana shamba amfundishapo mkulima kuongeza mazao, amweleze pia yapi yabaki nyumbani. Mwalimu ahakikishe bustani ya shule inatoa mboga za wanafunzi, na uji wao unapikwa kwa dona.

Kabla gari la mnunuzi halijapakia, kikombe cha mtoto kijazwe kwanza. Kilimo kinachomnenepesha mnunuzi na kumdhoofisha mtoto wa mkulima hakistahili kuitwa cha kisasa.