Mfanyakazi Arudipo Masomoni

Baadhi ya vijana wetu walioajiriwa hutuuliza: yafaa mtu mwenye kazi na watoto kusomea shahada ya uzamili ya mifumo ya habari, yaani elimu ya kupanga na kutunza habari kwa kompyuta?

Twawajibu kwa mfano. Edgar Codd, Mwingereza, aliingia kazini katika kampuni ya IBM mwaka 1949. Baadaye alirudi masomoni, akapata udaktari katika Chuo Kikuu cha Michigan mwaka 1965, naye umri wake umekwisha pita miaka 40. Mwaka 1970 alieleza njia ya kupanga habari katika majedwali yanayohusiana, na hata leo hesabu za benki nyingi hutunzwa kwa njia hiyo.

Basi umri si kizuizi. Lakini twawakumbusha: saa za usiku anazosomea baba au mama ni haki ya watu wa nyumbani. Azichukuaye bila ya kuwashauri amewadhulumu. Awashauriye, wamemkopesha kwa radhi. Kabla ya kulipa ada, ketini pamoja, mgawane kazi za nyumba. Na mtihani ukiisha, deni hilo lilipwe kwanza, kabla ya kutafuta cheo kipya.