Msimzike Mzee wa Kagera kwa Mstari Mmoja

Mtaani kwetu mtu akifariki, familia huja kwangu niwaandikie wasifu wa marehemu. Nilistaafu ualimu, kazi hii haijanistaafu. Kwa hiyo nasema jambo ninalolijua: wazee waliopigana Vita vya Kagera tunawazika vibaya.

Si kwamba hatugharamii. Turubai huwa kubwa, sare za msiba hushonwa, mpiga video hukodiwa. Lakini wasifu ukifika mwaka 1978 husema "alishiriki Vita vya Kagera", kisha huyo, unarukia watoto, wajukuu na maradhi. Muda uliobaki hugawiwa diwani, mwakilishi wa mbunge na mwenyekiti wa chama, na kila mmoja huanza kwa kuahidi kwamba hana maneno mengi.

Juzi tulimzika jirani yetu aliyekwenda vitani akiwa mgambo. Kabla ya kuandika niliwatafuta wenzake wawili. Wakanieleza kwamba aliitwa akiwa shambani kwake anapalilia pamba, na kwamba kutoka Mutukula kwenda Masaka alitembea kwa miguu, begani amebeba makombora ya mota. Machi 1979 walifika Lukaya, pale barabara ya Kampala inapokatisha kinamasi. Majeshi ya Idi Amin wa Uganda, yakisaidiwa na Walibya, yaliwamiminia maroketi. Brigedi ya 201, ambayo wengi wake walikuwa mgambo, ilitawanyika. "Tulikimbia, Mwalimu," mmoja akaniambia bila kupepesa. Usiku ule wakakusanywa upya, na kesho yake, Brigedi ya 208 ikimpiga adui kutoka ubavuni, wakairudia barabara ileile. Aprili 11 Kampala ilikuwa mikononi mwao.

Mtoto wa marehemu aliposoma rasimu alitaka nifute hilo la kukimbia. Nilimwelewa, nani anataka baba yake akimbie mbele ya waombolezaji? Nikamwambia: baba yako alikuwa mkulima mwenye mafunzo ya miezi michache, alikimbia roketi kama ambavyo mimi na wewe tungekimbia, na bado asubuhi alirudi. Ukifuta kukimbia, umefuta na kurudi. Akakubali, shingo upande.

Najua kila Julai 25 mnara wa mashujaa huwekewa mkuki na ngao, na waliofia vitani, waliolala makaburini Kaboya, hukumbukwa. Vema. Ofisa wa jeshi naye akifa hufunikwa bendera na kupigiwa risasi hewani. Mgambo aliyerudi na uhai wake akashika tena jembe, huyu hana gwaride la kumngoja. Sidai apigiwe mizinga. Nadai dakika kumi za mwenzake wa vitani, na zitolewe kabla ya salamu za wanasiasa, wakati watu bado wanasikiliza. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 pale Lukaya sasa amevuka 65, na wenzake wa kumsemea wanazidi kupungua.

Siku ya mazishi yule mwenzake aliyeniambia walikimbia alisimama na nishani kifuani, akaeleza mambo ambayo hata mjane alikuwa hajawahi kuyasikia. Mshereheshaji akaninong'oneza kwamba muda umekwisha. Nikamwambia apunguze salamu. Diwani alikunja uso, nami namwomba radhi hapahapa gazetini, ila msiba mwingine wa namna hii ukitokea, nitazipunguza tena.