Kabla ya mkopo wa bodaboda, unga baiskeli ya kazi

Ndugu mkulima, leo sizungumzii mbegu wala viuatilifu. Nazungumzia baiskeli, na naomba usicheke mpaka umalize kusoma.

Mwezi wa sita mwaka 2023 nilikuwa kijiji kimoja upande wa Njinjo, bonde la Matandu, nikifuatilia uvunaji wa ufuta. Nikamkuta mama mmoja ambaye shamba lake nalijua tangu siku ya kupanda. Ni mtu wa mistari, palizi mbili, hana mchezo. Alikuwa amekaa barazani na mchuuzi wa chomachoma anampimia ufuta kwa kopo. Nikamwita pembeni: mama, mnada ni wiki ijayo, haraka ya nini? Akanijibu bila hata kunitazama, "Bwana shamba, ghala liko kule, ufuta uko hapa. Nani ataubeba?"

Sikuwa na jibu. Siku nane baadaye bei ya mnada ilimpita yule mchuuzi kwa shilingi 900 kwa kilo. Mama alikuwa ameuza kilo 140. Piga hesabu mwenyewe: 126,000 imebaki kwa mtu mwenye kopo. Utasema angekodi bodaboda. Angelipa na nini? Wakati wa kuvuna mfuko ni mtupu, na hela ya stakabadhi ghalani haiji siku ileile unayopeleka mzigo. Mwenye bodaboda anataka yake hapohapo.

Tangu siku hiyo msimamo wangu ni mmoja. Kwa mkulima wa ufuta au korosho aliye mbali na ghala la AMCOS, baiskeli ya mizigo ni zana ya kilimo, sawa na jembe, sawa na pampu ya kupulizia salfa. Na njia nzuri ya kuipata ni kuiunga mwenyewe, kipande kwa kipande, kwa vipuri vinavyoagizwa kwa simu. Baiskeli nzima inayong'aa dukani siipendekezi, na pikipiki ya mkopo bado kabisa.

Najua mtakachosema, kwa sababu mlishanisema pale Tingi. "Wewe Serikali ilikupa pikipiki mwaka 2022, sisi unatuambia tukanyage!" Ni kweli, pikipiki ninayo. Lakini ile ni ya ofisi, na petroli nayo ina siku zake. Mei 2024, kimbunga Hidaya kilipotupiga na barabara ya Dar ikakatika kule Somanga, pikipiki yangu ililala ndani. Niliwatembelea wakulima kwa baiskeli niliyoiunga mwenyewe, na penye maji niliibeba begani. Pikipiki usingeibeba.

Sasa nieleze nilivyoiunga, pamoja na nilivyoliwa.

Nilianza na fremu kuukuu ya Phoenix, zile nyeusi za kiume, niliyoikuta kwa fundi baiskeli Nangurukuru imeegeshwa ukutani. Wazee wanakumbuka pia Swala, zilizotengenezwa hapahapa nchini. Ukiipata fremu ya Swala isiyo na ufa, ichukue. Fremu usiiagize mtandaoni hata siku moja. Fremu inunuliwe kwa macho na kwa kamba. Funga uzi kwenye shingo ya fremu mbele, upitishe nyuma pale linapokaa gurudumu, upande wa kulia na wa kushoto, urudishe mbele, kisha pima kutoka kwenye uzi hadi bomba la kiti pande zote mbili. Vipimo vikitofautiana, fremu imepinda, na baiskeli itakuvuta upande maisha yake yote. Foku iliyowahi kuchomelewa iache palepale. Keria ikivunjika utaangusha mzigo tu. Foku ikivunjika utaanguka wewe, tena kwa uso.

Fremu hiyo, pamoja na foku, usukani, krenki na habu zake mbili, ilinigharimu 45,000. Vilivyobaki niliagiza Kariakoo. Siku hizi maduka ya vipuri yanatangaza Instagram, unaongea nao WhatsApp, unalipa kwa simu, mzigo unapanda basi la kusini na unashushwa Nangurukuru. Raha kabisa. Ila raha hiyo ndiyo iliyonitia hasara ya 32,000.

Nilimwandikia muuzaji: nitumie tairi mbili namba 28. Akatuma tairi mbili namba 28. Fundi akalivuta la kwanza kwa vijiko, akalivuta kwa magoti, akaita na kijana wake, wapi. Haliingii. Kumbe kuna 28 mbili! Ringi ya baiskeli zetu za mizigo ina kipenyo cha milimita 635 pale tairi linapokaa. Kuna 28 nyingine, ya baiskeli za kisasa za mjini na za mbio, yenye milimita 622. Tofauti ni milimita 13 tu, upana wa kidole, lakini tairi halina huruma, lina waya ndani. Nikauliza kurudisha, nikaambiwa kilichoandikwa ndicho nilichotumiwa. Na kweli, nilichoandika ndicho hicho.

Kwa hiyo acha kusema "namba 28". Lala chini uangalie ubavu wa tairi lako la zamani, utaona namba ndogo zenye kistari katikati, kwa mfano 40-635. Ya kwanza ni unene, ya pili ni kipenyo. Hiyo ya pili ndiyo unayomwandikia muuzaji, na umwombe apige picha ya ubavu wa tairi analotaka kukutumia, namba zionekane, kabla hujatuma hela.

Wenye baiskeli za mtumba kutoka Japani, zile zenye kikapu mbele na fremu iliyoinama ambazo akina mama wanazipenda, msijione mmepona. Kwenu shida ni kubwa zaidi. Tairi zake nyingi huandikwa 26 x 1 3/8, na kipenyo chake ni 590. Tairi la 26 linalojaa madukani ni la baiskeli za gia za milimani, kipenyo 559. Wote wanaita 26. Ndiyo maana unaona baiskeli nzuri ya Kijapani imelala nyuma ya nyumba miaka miwili kwa kukosa tairi, na mwenyewe anakwambia "hazina vipuri". Vipuri vipo, ni namba tu. Mimi naziona zinafaa sana kwa mama anayepeleka mboga au mwani kavu barabarani, maana unapanda na kanga yako bila kurusha mguu.

Turudi kwenye gunia. Gurudumu la nyuma ndiyo baiskeli yenyewe. Mengine yote ni ya kukusaidia kukaa. Gurudumu la nyuma la baiskeli ya mizigo ya zamani lina spoku 40, la mbele 32, na mwenye akili aliyepanga hivyo alijua uzito unakaa wapi. Kabla ya kuagiza ringi, hesabu matundu ya habu yako. Ukiletewa ringi ya matundu 36, utaishia kuuza habu. Angalia pia breki. Kama zako ni za vyuma, zile zinazovuta raba kuelekea juu upande wa ndani wa ringi, unahitaji ringi ya umbo lake, ya chuma. Ringi ya aluminiamu ya baiskeli za gia ni nyepesi na inavutia kwenye picha, lakini breki za vyuma hazitaikamata.

Vijana wanazidharau breki za vyuma. Mimi nazitetea, kwa sababu hazina waya wa kuoza. Ukanda wetu, kuanzia Kivinje hadi Mchinga, chumvi ya bahari inakula waya wa breki ndani ya ganda lake bila wewe kuona, mpaka siku unashuka mteremko na unavuta hewa. Ila nisifiche: mvua ikinyesha, ringi ya chuma ikilowa, breki hizo zinakamata kwa kusitasita. Ukiwa na mzigo kwenye mteremko wakati wa mvua, shuka uisukume.

Kitu kilichonishangaza kwa wepesi wake ni friwili. Baiskeli nyingi huja na friwili yenye meno 18 au 20. Niliagiza ya meno 22, shilingi 7,000. Krenki yangu ina meno 48. Zamani kila nikizungusha pedeli mara moja, gurudumu lilizunguka mara mbili na theluthi mbili; sasa linazunguka mara mbili na kidogo. Mwendo umepungua, ndiyo, lakini kilima nilichokuwa nashuka nakipanda nimekaa. Mtu aliyebeba kilo 60 hana haja ya mbio. Ukibadilisha friwili badilisha na cheni, na umwambie muuzaji unataka ya baiskeli isiyo na gia. Cheni ya gia ni nyembamba, haikai vizuri kwenye meno mapana.

Keria usiagize. Zile za dukani ni za kubebea mtoto wa shule. Nenda kwa mchomeleaji, akupindie nondo ya milimita 10, miguu yake ifike kwenye ekseli ya nyuma, na pembeni aache ndoano mbili za kamba ili mzigo ukae chini, kushoto na kulia. Wachuuzi wa samaki wanaopandisha matenga kutoka Kivinje wanalijua hili kuliko mimi, watazame wanavyofunga. Mzigo uliokaa juu unakuyumbisha kwenye kichanga, ule wa chini unatulia. Na gunia likizidi, gawa mara mbili. Kwenda mara mbili ni bora kuliko spoku sita kukatika porini.

Hesabu ya jumla, na hizi ni bei nilizolipa mimi: fremu na wenzake 45,000, ringi mbili na spoku zake 42,000, tairi mbili sahihi na tyubu zake 44,000, cheni na friwili 15,000, gololi, grisi, raba za breki na pedeli 15,000, keria 15,000, nauli ya mzigo kwenye basi 7,000, fundi 20,000. Inakuja 203,000. Ongeza 32,000 ya ujinga wangu, 235,000. Baiskeli mpya ya aina hiyohiyo dukani nilitajiwa 320,000, na ringi zake za nyuma nilizigonga kwa kidole, spoku nyingine zililia, nyingine zilinyamaza. Maana yake hazikukazwa sawa. Ungenunua, halafu ungelipa fundi kuikaza upya.

Lakini hoja yangu kubwa iko kwenye namna ya kulipa. Laki tatu kwa mkupuo mkulima hana mpaka auze, na akisubiri auze, mchuuzi wa kopo keshapita. Vipande unavilipa kidogokidogo: fremu ukiuza korosho, ringi na tairi mwezi mwingine, friwili ukipata hela ya mbaazi. Hakuna riba, na hakuna mtu wa kuja kuichukua ukichelewa. Pikipiki ya mkopo ukichelewa inachukuliwa, na msimu unaisha ukiwa na deni na miguu yako ileile. Nimeliona hilo kwa vijana wawili kijiji kimoja, mwaka mmoja.

Baiskeli haitibu kila kitu. Wako wanaouza kwa chomachoma kwa sababu walishachukua hela yake tangu Januari, watoto wakienda shule. Huyo hata ukimpa lori, ufuta si wake tena. Kwake tunahitaji mazungumzo mengine, ya chama na ya kuweka akiba. Na wagonjwa, wazee, mwenye mgongo mbovu, simwambii akanyage kilo 60 kwenye vumbi. Nawasema wale wenye nguvu na ufuta mzuri wanaokwama kwa kilomita chache.

Kuitunza ni kazi ndogo. Msizimwagie cheni oili chafu ya gari, tafadhali. Inashika mchanga, na mchanga na oili ni msasa. Futa cheni kwa kitambaa chenye mafuta ya taa, ikauke, tia matone ya mafuta ya cherehani, futa tena. Wa pwani wapake grisi kidogo pale spoku zinapoingia kwenye ringi, maana kutu huanzia hapo. Baada ya safari kama tano za kwanza zenye mzigo, rudi kwa fundi akaze spoku. Gurudumu jipya hujilegeza.

Yule mama wa Njinjo tulimtafutia fremu mwishoni mwa 2023. Ilikuwa ya kike, kuukuu, rangi haijulikani. Tairi aliagiza mwanawe kwa simu, na alinitumia picha ya ubavu kwanza, namba zinasomeka vizuri kabisa. Msimu wa 2024 walipeleka ufuta wao ghalani kwa safari tatu, kijana anasukuma, mama anashikilia nyuma. Mchuuzi wa kopo alipita kama kawaida. Friwili yake sasa inalia kidogo, nadhani gololi zimeisha. Nimemwambia ailete Nangurukuru Jumamosi tuifungue kabla ufuta haujakauka.