Chozi Asifiwe, Lakini Kichuguu Kisibomolewe

Wageni wanaozuru Milimani hapa Kisumu, wamwonapo yule ndege mdogo mwenye kichwa cha kijani kinachometameta na mshipi mwekundu kifuani, hawakawii kumdhania kuwa ndiye ndege mvumaji wa Amerika, ilhali mvumaji hapatikani porini popote nje ya mabara yale, na huyu wetu ni chozi, wa ukoo mwingine kabisa, aliyepata mdomo mrefu kwa sababu ile ile ya kutafuta riziki ndani ya maua. Mvumaji hunyonya akiwa hewani. Chozi aghalabu hutua kwanza, na ua likiwa refu kumshinda hulitoboa ubavuni akanywa utamu wake bila kuchukua chavua, jambo ambalo, kwa insafu, ni wizi.

Sina kinyongo naye. Lakini taadhima yangu naiweka kwa uyoga wa kichuguu, ambao hauna rangi ya kumvuta mpiga picha. Mchwa hutafuna majani makavu na vijiti, wakayajengea masega chini ya ardhi, na juu ya masega hayo kuvu ya uyoga huo huota vifundo vyeupe, vidogo kuliko punje ya mtama, ikiyalainisha yale ambayo matumbo ya mchwa yasingeyaweza peke yake; kilimo hicho kimedumu miaka ipatayo milioni 30, na binadamu, pamoja na elimu yake yote, hajafaulu kuulima uyoga huo kwa biashara. Mvua zikisha kuanza, uyoga hupasua udongo, na anayeuchuma hana budi kuwahi alfajiri, kabla funza hawajauingia. Akiuvuta taratibu hutoka na mzizi mrefu mweupe uliotoka moja kwa moja kwenye sega.

Siku hizi kiwanja kikiuzwa, kichuguu ndicho cha kwanza kubomolewa, udongo wake ukafyatuliwa matofali na mchwa wakamwagiwa sumu. Chozi hana hasara kubwa, kwani bustani yoyote yenye maua humkaribisha. Uyoga huu hauna maskani nyingine. Mwenye shamba Seme au Maseno na akiache walau kimoja mpakani, na akihofia mbao za nyumba yake, awaue mchwa walio karibu na msingi, si wale wa mpakani.