Choo Kimeziba Botini, Nani Aseme?

Kuna mambo wapendanao hawaambiani mpaka choo kizibe. Sisi yalitukuta kwenye boti ya rafiki yetu, nanga imeshushwa karibu na Kisiwa cha Saanane. Mume wangu akapampu, maji yakapanda badala ya kushuka. Kasheshe!

“Mama, umetupa nini humu?”

“Mimi? Hamna kitu.”

Uongo. Nilitupa pedi. Nyumbani Mirongo nimezoea bomba la inchi 4. La choo cha boti mara nyingi ni inchi 1 na nusu tu, tena lina vali za mpira njiani. Humo hupita kilichotoka tumboni na karatasi laini kidogo, basi. Ukizidisha kupampu kwa hasira unashindilia uchafu, au bomba linachomoka likuogeshe. Na zile dawa kali za kuzibulia zinakula mpira.

Kwanza alifunga koki zote mbili zinazoelekea ziwani. Ukifungua bomba bila kuzifunga, ziwa linaweza kuingia botini. Akavaa glovu, akachota maji ya chooni kwa kopo hadi kwenye ndoo, akalegeza klampu kwa bisibisi. Jasho linamtoka, anatafuta asichokijua. Roho ikanisuta, nikasema.

“Ungesema mapema ningeanzia kwenye pampu.” Ni hilo tu.

Ndoo hatukuimwaga ziwani, maana maji ya kunywa ya Mwanza huvutwa humohumo, pale Capri Point. Tuliishika wote wawili hadi nchi kavu, kila mmoja anatazama upande wake, tunacheka.