Usimsingizie mtoto hoteli ya Diani

Bonasi ya chai ikishaingia mwezi wa Oktoba na walimu wakianza kuhesabu siku za kufunga shule, swali moja huzunguka ofisini, nje ya kanisa na katika makundi ya WhatsApp ya wazazi, kutoka Nyamira mjini hadi Suneka: Desemba hii mnawapeleka watoto wapi? Ukijibu Diani, unasogezewa kiti. Ukijibu kwamba wanakwenda kwa nyanya yao Borabu, unatazamwa kwa huruma, karibu upewe pole.

Imani yenyewe ni hii: mtoto ambaye hajalala katika hoteli ya kifahari ya pwani, akacheza ndani ya bwawa lake na kujipakulia kwenye meza zake, amenyimwa kitu, na mzazi aliyemnyima hajui malezi ya siku hizi. Watoto lazima wapate eksposha, tunaambiana. Tembea uone! Baba akikopa kwenye SACCO kwa ajili hiyo, hakuna wa kumuuliza, kwa sababu ametaja watoto, na nani atabishana na mtu anayewapenda watoto wake?

Mimi nitabishana naye. Sina ugomvi na hoteli wala na bahari. Ugomvi wangu ni na hiyo kauli ya "ni kwa ajili ya watoto". Si kweli. Tunakwenda kwa ajili yetu, kisha tunawasingizia watoto.

Tuanze na hoteli zenyewe, zilijengewa nani. Hoteli kubwa za Diani, Bamburi na Malindi zilistawi kuanzia miaka ya sabini zikimlenga Mjerumani, Mwingereza na Mwitaliano waliokuwa wanakimbia baridi ya kwao. Kila kitu kilipangwa kwa kiu ya mgeni huyo: vitanda vya kuotea jua, ukimya, kinywaji mkononi, na ufuo ambako hakuna anayemjua. Mtoto wa Keroka hana kiu hata moja kati ya hizo. Mvua anaijua, hilo sikatai, lakini hajapata kuishi miezi mitatu bila kuona jua. Ukimya nao ni adhabu kwake.

Sisi wenyeji tulianza kubembelezwa kwa bidii wageni hao walipoadimika. Mei 2014 Uingereza iliwaonya raia wake wasiende Mombasa kwa sababu ya usalama, na kampuni za utalii zikawarudisha kwao mamia ya wageni waliokuwa tayari ufuoni. Hoteli zikabaki tupu, nyingine zikafungwa. Mwaka huo huo serikali ilitoa nafuu ya kodi kwa mwajiri atakayewalipia wafanyakazi wake likizo humu nchini. Mwaka 2020 corona ilipofunga viwanja vya ndege, hadithi ikajirudia, na bei za "familia" zikajaa kwenye simu zetu. Siwalaumu wenye hoteli. Chumba kitupu hakilipi mshahara, na nyumba nyingi za Kwale na Kilifi zinakula kwa kazi hizo. Ninayemlaumu ni mzazi aliyelichukua tangazo la biashara akaligeuza kanuni ya malezi.

Sasa mtazame mtoto mwenyewe akiwa huko. Ana miaka minane, amesimama na sahani mbele ya meza ndefu ya chakula cha jioni. Kuna samaki wa kupaka, kuna biriani, kuna mchuzi wa nazi, mbaazi, saladi za kila rangi na mpishi mwenye kofia ndefu anayemuuliza akaangiwe nini. Anazipita sinia zote hizo bila kugeuza shingo. Anarudi mezani na chipsi, soseji mbili na kipande cha keki, na mboga pekee iliyomo ni sosi ya tomato. Kesho yake hivyo hivyo, na kesho kutwa. Chipsi na soseji angezipata huku kwetu, sokoni Daraja Mbili. Pwani aliyopelekwa kuiona imepita chini ya pua yake, na baba ameilipia.

Tena hiyo pwani inabaki nje ya geti. Ngome ya Fort Jesus, iliyoanza kujengwa na Wareno mwaka 1593, ipo pale pale Mombasa. Gofu la Gede, mji wa Waswahili uliomezwa na msitu, liliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Huko ndiko mtoto angefunguka macho, akajua kwamba watu wa nchi yake walijenga nyumba za mawe, misikiti na visima karne nyingi kabla ya reli. Kiingilio chake hakihitaji mkopo, wala huulizwi ulilala hoteli gani. Lakini waulize waliorudi wangapi walifika huko. Wengi hawakutoka getini, kwa sababu chakula kilikuwa kimelipiwa na ingekuwa hasara kula nje.

Utaniambia mtoto amejifunza kuogelea. Hajajifunza. Siku tatu au nne za kurukaruka na maboya mikononi, kwenye maji yanayomfika kiunoni, hazimfundishi mtu kuogelea. Zinamfundisha kutoogopa maji, na hilo bila ujuzi ni hatari tupu. Mtoto huyo anarudi nyumbani Januari akiwatambia wenzake, na huku kwetu maji si bwawa lenye vigae. Ni mto Gucha uliofurika, ni shimo la machimbo lililojaa mvua, ni bwawa la kunyweshea ng'ombe. Anayetaka mtoto wake ajue kuogelea amtafutie mwalimu na amlipie masomo ya wiki kadhaa. Mjini Kisii kuna hoteli zenye mabwawa, na Kisumu pia.

Utaniambia basi ni muda wa familia kuwa pamoja. Hapo ndipo msingiziwa anapoonewa zaidi. Hoteli za aina hii zina chumba au uwanja wa watoto, na kijana wa kazi aliyeajiriwa kuwachora nyuso, kuwachezesha na kuwahesabu. Watoto hukabidhiwa asubuhi baada ya chai na huchukuliwa jioni. Wengine hata huja na dada wa kazi kutoka nyumbani, naye kazi yake haibadiliki ila mandhari. Watoto wetu wengi wanasoma bweni na tunawaona wiki chache kwa mwaka. Ukisafiri kilomita karibu 800 ukamkabidhi mwanao kwa mtu mwingine, usiite huo muda wa familia. Uite kwa jina lake: mapumziko ya mzazi.

Na hapo, Mgala muue na haki yake umpe. Mapumziko ya mzazi si dhambi. Mwanamke wa Nyamira anayeamka saa kumi na moja kuchuma chai kabla umande haujakauka, anayebeba kikapu hadi kituo cha kupimia, kisha anarudi kupika, kufua na kusahihisha madaftari kama ni mwalimu, ana haki ya siku nne bila kugusa sufuria. Akiketi chini ya mnazi akiletewa juisi, mimi nitampigia makofi. Hiyo ndiyo bidhaa ambayo hoteli inauza kwa kweli, na inaiuza vizuri. Tatizo ni aibu yetu. Tunaona haya kusema "nimechoka, nataka kupumzika," tunasema "watoto wanataka bahari". Kwa kuwa safari tumeitia jina la mtoto, hatuna tena breki. Kwa ajili yake mwenyewe mtu angepima mfuko. Kwa ajili ya mtoto anakopa.

Hebu tupige hesabu. Tiketi ya SGR daraja la kawaida kutoka Nairobi hadi Mombasa ni shilingi 1,500 tangu Januari 2024, na mtoto mdogo hulipa nusu. Wazazi wawili na watoto wawili ni 9,000 kwenda na kurudi, kabla hujahesabu matatu ya Kisii hadi Nairobi na tuktuk. Tuseme umepata chumba cha familia kwa 25,000 kwa usiku, na si ghali kwa msimu wa Krismasi. Usiku nne ni laki moja. Kikomo cha karo kilichowekwa na serikali kwa shule za kitaifa za bweni kimekuwa 53,554 kwa mwaka. Usiku nne hizo, basi, ni karo ya karibu miaka miwili. Kisha inaingia Njaanuari, na mzazi yule yule aliyepiga picha na chupa ya maji ya nazi yupo ofisini kwa mwalimu mkuu akiomba alipe nusu kwanza. Bonasi ambayo wakulima wa huku hulalamika kila mwaka kwamba ni ndogo kuliko ya Kirinyaga na Murang'a imekwisha mchangani. Anayerudishwa nyumbani kwa karo ni nani? Ni yule yule tuliyesema tunamfungua macho.

Kinachonikera kuliko yote kipo kwenye duka la zawadi la hotelini. Pita karibu na mapokezi utaliona. Rafu zimejaa viboko vidogo, bakuli, vishikio vya mishumaa na bodi za sataranji za mawe ya sabuni, meupe, ya waridi, mengine yamepakwa rangi. Mtoto wa Kisii anavutwa, anaomba anunuliwe kiboko, baba analipa. Hakuna anayemwambia kwamba jiwe hilo limetoka Tabaka, katika kaunti yake, na kwamba limesafiri njia ile ile aliyosafiri yeye.

Mpeleke Tabaka aone. Jiwe linachimbwa kwa sururu na mtaimbo, linakatwa kwa msumeno wa mkono kama mbao, linachongwa kwa panga kisha kwa kisu likiwa bado na unyevu. Halafu linawafikia akina mama, wanaoketi mbele ya beseni za maji wakilisugua kwa msasa, mikono yao imepauka kwa vumbi lile hadi kwenye viwiko. Hapo mtoto ataelewa kazi, bei na jasho kwa mchana mmoja. Mwambie pia kwamba mchongaji wa huko huko, Elkana Ong'esa, ana sanamu yake ya Ndege wa Amani katika makao makuu ya UNESCO jijini Paris. Mtoto anayejua hilo ataingia hoteli yoyote duniani kifua mbele.

Ndiyo maana silikubali lile jibu la mwisho la wenye imani hii, kwamba mtoto aliyelelewa bila hoteli atakuja kutishwa na uma na kisu mbele ya wakubwa. Uma na kisu hufundishwa mezani nyumbani kwa jioni moja. Kujiamini mbele ya watu kunatokana na kuwa na la kusema, na hotelini mtoto hazungumzi na mtu ila kuagiza soda. Kijana anayeweza kueleza jinsi majani mawili na chipukizi lake yanavyogeuka kuwa chai nyeusi katika kiwanda cha Sanganyi au Kebirigo, aliyesimama juu ya mwamba wa Manga siku ya mbingu safi akaliona ziwa kwa mbali, aliyezunguka kuta za mawe za Thimlich Ohinga kule Migori, zilizoingia Urithi wa Dunia mwaka 2018, huyo ana la kusema. Maeneo yote hayo ni karibu kuliko Nairobi.

Ndugu zetu walioko Minnesota nao nawagusa, kwa sababu wao ndio wanaotuwekea kipimo. Watoto waliozaliwa Brooklyn Park wanatua Kisii, wanalala siku mbili kwa magokoro, nyanya yao wasiyeweza kuzungumza naye, kisha wanapelekwa Diani kula vyakula vile vile walivyoviacha Marekani. Desemba ndio mwezi ambao wavulana wanatoka jandoni, binamu wote wamekusanyika na wazee wamepata muda wa kukaa. Bahari itakuwepo daima, magokoro hatakuwepo daima.

Basi mzazi wa Kisii na Nyamira, nenda Diani ukitaka. Nenda kwa pesa uliyoiweka akiba, baada ya kulipa karo ya muhula wa kwanza, na uwaambie watoto ukweli: baba na mama wamechoka, wanakwenda kupumzika, nanyi mnakaribishwa. Watakuheshimu zaidi. Lakini kama pesa ni ya mkopo, au ni ya karo, kaa nyumbani, na ukiulizwa Desemba umewapeleka watoto wapi, jibu bila kuinamisha kichwa. Mtoto hakukutuma ukope.