Jina la Fundi Pampu

Maji yalikatika Jumatatu asubuhi. Ndipo wakazi wa jengo moja la ghorofa nne jijini Dar es Salaam walipoanza kumtafuta mzee wa chumba cha chini, aliyekuwa akiitengeneza pampu kila inapokorofisha. Simu yake iliita bila kupokelewa. Katika kundi la WhatsApp la wapangaji, maneno yalianza kwa upole yakaishia kwa ukali: fundi yuko wapi, watoto wataogaje, mwenye nyumba amtafute mwingine. Jumanne lawama zikazidi. Jumatano jioni, mtoto aliyefuata mpira wake karibu na dirisha la mzee alirudi akimwambia mama yake kwamba kule kunanuka. Mlango ukavunjwa mbele ya mjumbe na askari wawili.

Mzee alikuwa kitandani. Alikuwa amekwisha kufa siku kadhaa kabla.

Mwandishi wa makala haya alikuwepo mlango ulipovunjwa, na alikuwepo makaburini. Lililomuuma zaidi lilitokea katikati. Askari alifungua daftari, akauliza jina la marehemu. Watu wakatazamana. Kila mmoja alikuwa na namba ya mzee kwenye simu, na katika simu nyingi namba ile ilihifadhiwa kwa maneno mawili: Fundi Pampu. Mzee aliishi pale miaka sita. Amepanda ngazi zile usiku wa manane na tochi mdomoni ili wengine waamke na maji, na hakuna aliyejua baba yake aliitwa nani, ametoka wapi, wala kama ana mtoto. Jina lilisomwa kwenye kitambulisho cha taifa, kilichokutwa ndani ya mkoba wa spana.

Kundi lile lina watu zaidi ya mia. Saa moja haikupita, pole zilikuwa zimejaa hadi mtu akachoka kuzisoma. Siku ya maziko, baada ya sala ya adhuhuri, waliofika kutoka katika jengo walikuwa wanne. Jeneza lilibebwa na vijana watano wa klabu ya jogingi ya mtaa wa pili, ambao hawakuwahi kumwona mzee akiwa hai. Walisikia tangazo la msikiti wakiwa njiani kwenda kibaruani. Wakaja na suruali zao za kazi, wakashika makoleo.

Waislamu wanalijua hili tangu madrasa: kumzika maiti ni faradhi ya kifaya. Wakiitimiza baadhi, wengine wamesamehewa. Wakiiacha wote, dhambi ni ya wote. Vijana watano wa mtaa wa pili waliubeba mzigo wa jengo zima. Lakini ni nani aliyeubeba mzigo wa miaka sita ya kutomjulia mzee hali?

Sababu kila mtu anazijua. Foleni, kibarua cha mbali, kodi inayowahamisha watu kila mwaka, geti, simu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 5,383,728 katika Mkoa wa Dar es Salaam, wakiwemo waliozaliwa kwingine. Hayo yote ni kweli, na hakuna hata moja linalomzuia mtu kugonga mlango wa jirani.

Kuna wanaosema upweke ni ugonjwa wa Wazungu, na kwamba huku kuna undugu. Ripoti ya Shirika la Afya Duniani ya Juni 2025 inasema vingine. Mtu mmoja kati ya sita duniani anasumbuliwa na upweke, na upweke unahusishwa na vifo takribani 871,000 kwa mwaka. Katika nchi maskini, karibu robo ya watu walisema wanajihisi wapweke. Katika nchi tajiri ni kama asilimia 11. Undugu unaosifiwa kwenye hotuba hauwafikii watu wengi hapa hapa. Na anayeumia si mzee peke yake. Yumo binti aliyetoka Singida kutafuta kazi anayekula chakula cha jioni akitazama ukuta. Yumo mama ambaye watoto wamekua wakaondoka, na mwanamume aliyeachishwa kazi ambaye kila asubuhi anavaa, anatoka, kisha anakaa kwenye benchi la kituo cha daladala ili majirani wasijue.

Watu wa namna hii huambiwa watafute marafiki, kana kwamba marafiki wanauzwa sokoni. Urafiki wa mtu mzima hauji kwa kutafutwa hivyo. Unakuja watu wakiwa wanafanya jambo jingine pamoja, jambo lenye siku yake, saa yake na kazi inayochafua mikono. Ndiyo maana wito huu ni wa klabu: kikundi kidogo cha majirani kinachokutana kila wiki ili kuuhudumia mtaa wao.

Rotary, moja ya klabu za huduma zilizo maarufu zaidi duniani, ilizaliwa na upweke. Mwanzilishi wake, Paul Harris, alilelewa na babu na bibi yake katika mji mdogo wa Wallingford, Vermont, nchini Marekani, ambako watu walijuana kwa majina. Mwaka 1896 akahamia Chicago kufanya kazi ya uwakili. Kazi alipata, wateja alipata, ila siku za mapumziko hakuwa na wa kwenda kumtembelea. Tarehe 23 Februari 1905 alikaa na watu watatu katika ofisi ya mmoja wao: mhandisi wa migodi, mfanyabiashara wa makaa ya mawe na mshonaji wa nguo. Walikubaliana kukutana kwa zamu, leo kwa huyu kesho kwa yule, na mzunguko huo ndio uliozaa jina la Rotary. Mwanzoni walitaka ujirani tu na kupeana wateja. Miaka miwili baadaye wakaanza kulipigania jiji lao lipate choo cha umma. Choo! Kazi ya kwanza kubwa ya watu waliovaa tai ilikuwa kumtafutia mpita njia mahali pa kujisitiri.

Kutoka hapo wakafika mbali. Mwaka 1985 Rotary ilianzisha mpango wa kuchangia chanjo ya polio duniani kote. Mwaka 1988 ugonjwa huo ulikuwa ukiwashika watu wapatao 350,000 kwa mwaka katika nchi 125. Tarehe 25 Agosti 2020 kanda ya Afrika ya Shirika la Afya Duniani ilitangazwa kuwa huru na virusi vya polio ya asili. Serikali, madaktari na mamilioni ya wachanjaji waliokwenda nyumba kwa nyumba walifanya kazi kubwa zaidi, lakini waliochangisha fedha bila kuchoka kwa miaka 35 walikuwa ni watu wa vikao vya kila wiki, wale wale wa mchana wa chai na chakula.

Nairobi ilipata klabu yake ya Rotary mwaka 1930, Dar es Salaam mwaka 1949. Ni za muda mrefu na zimetenda mema mengi. Hata hivyo, mwananchi wa Mbagala anayepita nje ya hoteli wanamokutania anaona magari, anaona viingilio, anajua hapo si pake. Wenye klabu hizo wanapaswa kulisikia hili bila kununa. Picha ya hundi kubwa ya karatasi ikikabidhiwa kwa mwalimu mkuu haitoshi. Na wauhamishe mkutano mmoja kwa mwezi, waupeleke chini ya mwembe wa ofisi ya kata, wakae kwenye mabenchi ya shule, wawafundishe majirani wa pale kuendesha kikao, kutunza hesabu na kumaliza jambo walilolianza. Ujuzi huo ndio mali yao kubwa, na hadi leo wamegawiana wao kwa wao.

Wala asidanganyike mtu kwamba klabu ni mambo ya kigeni. Karne iliyopita ilipokuwa changa, miji ya pwani kuanzia Lamu hadi Dar es Salaam ilikuwa na vyama vya ngoma ya Beni, kama vile Marini na Arinoti, vyenye vyeo, sare na mashindano yaliyowakosesha watu usingizi. Ndani ya ngoma mlikuwa na mchango: mwanachama akiugua anaangaliwa, akifa anazikwa kwa heshima, hata kama ametoka bara na hana ndugu mjini. Akina mama wa Mombasa walikuwa na ngoma zao za lelemama. Wapare na Wasambaa wanaujua msaragambo, kazi ya pamoja ya kijiji. Kenya ina harambee. Rwanda kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi inatoka kwa kazi ya pamoja ya umuganda. Wahamiaji wa zamani wa Dar es Salaam waliingia mjini bila simu wala umeme, na bado walihakikisha mwenzao hazikwi na wapita njia.

Waliofanana nao leo ni hao vijana wa jogingi. Wanakutana alfajiri, wanakimbia wakiimba, kisha wanazibua mtaro, au wanakwenda kumwona mgonjwa, au wanachanga kwa aliyefiwa. Wapo wanaowakejeli kuwa ni kelele za asubuhi. Mmoja wa wale watano alimweleza mwandishi kwamba alipofika mjini alikaa miezi minane bila mtu wa kumuuliza ameamkaje. Alijiunga kwa ajili ya mazoezi. Sasa asipotokea Jumamosi mbili, watu watatu wanakwenda kumgongea mlango.

Wakazi wa mitaa yote, si wa Dar es Salaam tu bali wa Mwanza, Arusha, Dodoma, Mombasa na Nakuru, waige hapo. Pa kuanzia ni siku na saa, tena zisizobadilika. Jumamosi saa kumi na mbili na nusu asubuhi, kabla jua halijawa kali na kabla masoko hayajachangamka. Watu wanane wanatosha. Kumi na wawili ni wengi. Mkutano wa kwanza kila mmoja aseme jina lake kamili, na la baba yake, na alikotoka, na wenzake wayaandike. Simu zibaki nyumbani, isipokuwa ya mtunza saa.

Kisha kazi moja. Moja tu, inayoweza kuonekana kwa macho. Mvua za masika zinakuja kila mwaka na kila mwaka mtaro ule ule unafurika kwa chupa na mifuko ile ile, huku watu wakisubiri manispaa. Wachukue makoleo manne, reki mbili na toroli la kuazima, wazibue mita hamsini, taka zipelekwe panapostahili, zisiachwe ukingoni zirudi na mvua. Baada ya kazi wakae nyumbani kwa mmoja wao, kwa zamu kama walivyofanya wale wa Chicago, wanywe chai na mihogo. Chai hiyo isirukwe. Anayekwenda nyumbani mara tu koleo linapowekwa chini amefanya usafi, lakini hajapata rafiki.

Kazi ya pili ni daftari la wanaoishi peke yao. Mzee, mjane, mgonjwa, mwanafunzi wa chumba kimoja. Kila jina lipewe watu wawili wa kuligongea mlango kila baada ya siku mbili, si kwa ujumbe wa simu. Wachukue namba ya ndugu yake. Waulize anatumia dawa gani. Daftari hilo lingekuwepo katika jengo lile, mzee pengine angekufa vilevile, maana ajali na mshtuko wa moyo havipigi hodi. Lakini asingelala pale peke yake hadi mtoto aisikie harufu.

Mengine yatajitokeza kwa kadiri ya mtaa. Wengine watachangia damu kila tarehe 14 Juni, Siku ya Wachangia Damu Duniani, na mara nyingine ndani ya mwaka. Wengine watawasimamia watoto kuvuka barabara. Afisa maendeleo ya jamii wa kata aonwe mapema kuhusu usajili, na viongozi wa mitaa, misikiti na makanisa watafute namna ya kusaidia bila kuimiliki klabu. Mwanasiasa akija aje na koleo. Kuhusu fedha, tahadhari: mchango uwe mdogo na hesabu isomwe mbele ya wote kila mwezi. VICOBA, yaani vikundi vya kuweka na kukopeshana, vina faida yake, lakini kikundi kinachoanza kwa kukopeshana huwapoteza watu wake siku ya kwanza ya deni kuchelewa, na aliyejificha kwa deni ndiye mpweke mpya.

Wenye nyumba nao wasijifiche. Wanaokusanya kodi ya miezi sita kwa mkupuo wanaweza kumjua mpangaji kwa jina na kuandika wa kumpigia siku ya shida. Wasomi wanaoandika mitandaoni kuhusu kufa kwa ubinadamu washuke ngazi. Wanaosema hawana muda wahesabu saa walizotumia wiki hii kwenye video fupi, kisha watoe mbili tu. Waliotuma alama za mikono iliyokunjwa kwenye kundi lile, halafu wakabaki ndani wakati jeneza linapita chini ya dirisha, wanaombwa, kwa heshima na kwa uchungu, wasitume tena. Watoke.

Pampu ya jengo lile imekwisha kutengenezwa. Fundi mpya ni kijana, anakuja na pikipiki, anafanya kazi yake haraka na kuondoka. Hadi makala haya yanaandikwa, simu nyingi za wapangaji zimemhifadhi kama Fundi Mpya. Jina lake liulizwe leo, kabla maji hayajakatika tena.